Henry Gantt: Mhandisi aliyeifanya kazi isomeke kwa rangi

MRADI wa umma unapowasilishwa kwa wakazi katika ukumbi wowote wa Kaunti ya Kilifi, uwe wa barabara, zahanati au bomba la maji, mara nyingi huja na karatasi moja ambayo wengi huitazama bila kuisoma. Upande wa kushoto huorodheshwa kazi zitakazofanywa. Upande wa kulia hulala pau za rangi, moja chini ya nyingine, kila upau ukianzia tarehe ya kazi kuanza na kukomea tarehe inayotarajiwa kwisha. Fundi wa kuezeka makuti angeutambua mpangilio huo upesi, kwani neno lenyewe ni lake: upau ni ule mti mwembamba unaofungwa kukingama juu ya makombamoyo ya paa. Wahandisi huiita karatasi hiyo chati ya Gantt. Wachache miongoni mwao hujua kwamba Gantt alikuwa mtu, kwamba alifariki mwaka wa 1919, na kwamba rangi alizoanza nazo zilikuwa mbili tu.

Henry Laurence Gantt alizaliwa Mei 20, 1861, katika Wilaya ya Calvert, jimbo la Maryland nchini Marekani, majuma machache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kuzuka nchini humo. Babake, Virgil Gantt, alikuwa mwenye shamba kubwa na mmiliki wa watumwa. Mwaka huo huo, ng'ambo ya bahari mbili, Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alikuwa akiufufua mji wa Malindi, ambao kwa miaka mingi ulikuwa umebaki magofu na vichaka. Waarabu na Waswahili walipewa nafasi ya kufyeka mashamba, wakaleta watumwa, na haikuchukua muda mrefu kabla ya majahazi kuanza kubeba mtama, mahindi na ufuta wa Malindi hadi Arabuni.

Katika mashamba hayo ya pwani kazi ya siku ilipimwa kwa ngwe, yaani kipande cha shamba alichokatiwa mtumwa akilime au akipalilie mpaka mwisho. Mashamba ya watumwa ya kusini mwa Marekani nayo yalikuwa na desturi kama hiyo. Neno la Kiingereza lililotumiwa huko kwa ngwe ndilo Gantt alilokuja kulitumia miaka 40 baadaye alipobuni mfumo wake wa malipo viwandani. Alijua fika kwamba neno hilo lilikuwa na harufu ya utumwa masikioni mwa wafanyakazi, lakini hakuliacha. Mwanahistoria Caitlin Rosenthal, katika kitabu chake cha mwaka wa 2018 kuhusu hesabu za mashamba ya watumwa, ameonyesha jinsi mbinu za kupima kazi ya mtumwa zilivyofanana na zile zilizokuja kuitwa usimamizi wa kisayansi. Ni jambo ambalo waandishi wa awali wa maisha ya Gantt walilipita kimyakimya.

Utumwa ulipigwa marufuku Maryland mnamo Novemba 1864. Wale wa pwani ya Kenya walingoja hadi 1907. Vita vilipokwisha jamaa ya Gantt ilikuwa imefilisika, na kijana Henry akapelekwa katika shule ya McDonogh karibu na Baltimore, iliyofunguliwa mwaka wa 1873 kwa ajili ya wavulana wa familia maskini. Huko wanafunzi walisoma na pia kulima. Alihitimu mwaka wa 1878, akajiunga na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na kupata shahada miaka miwili baadaye, kisha akarudi McDonogh kufundisha. Mwaka wa 1884 alipata shahada ya uhandisi wa mitambo kutoka taasisi ya Stevens, jimbo la New Jersey.

Ualimu haukumtoka. Hata alipokuwa mshauri wa viwanda aliyelipwa vizuri, aliendelea kuamini kwamba mfanyakazi anayeshindwa kazi kwa kawaida hajafundishwa, na kwamba wajibu wa kumfundisha ni wa mwajiri. Imani hiyo ndiyo iliyokuja kumtenganisha na mtu aliyemfanya ajulikane.

Mtu huyo alikuwa Frederick Winslow Taylor. Walikutana mwaka wa 1887 katika kiwanda cha chuma cha Midvale, mjini Philadelphia, ambako Taylor alikuwa akipima kwa saa kila tendo la mfanyakazi: muda wa kuinua chuma, muda wa kukiweka kwenye mashine, muda wa kukikata. Gantt aliajiriwa kuwa msaidizi wake. Alikuwa hodari wa hesabu, na majaribio ya Taylor yalihitaji mtu wa namna hiyo. Mwishoni mwa karne hiyo wawili hao walikutana tena katika kampuni ya chuma ya Bethlehem, jimbo la Pennsylvania, ambako Gantt alisaidiana na Carl Barth, mhandisi mzaliwa wa Norway, kubuni rula za kukokotolea kasi ya mashine za kukatia chuma.

Mfumo wa Taylor ulikuwa mkali. Mfanyakazi aliyefikisha kiwango cha siku alilipwa bei ya juu kwa kila kipande alichotengeneza. Aliyepungukiwa alilipwa bei ya chini kwa vipande vyote, hata kama kosa halikuwa lake. Gantt aliona kwamba mfumo huo ungewaadhibu watu kwa sababu ya mkanda uliokatika au chuma kilichochelewa kuletwa. Mwaka wa 1901, akiwa Bethlehem, alianzisha utaratibu mwingine. Kila mfanyakazi alihakikishiwa ujira wake wa siku, afikishe kiwango asifikishe. Aliyefikisha aliongezewa bonasi. Na hapa ndipo palipokuwa na jambo jipya: nyapara naye alilipwa bonasi kwa kila mfanyakazi wake aliyefaulu, na kuongezewa zaidi iwapo wote walifaulu. Kwa hivyo nyapara, aliyezoea kufoka, sasa alikuwa na sababu ya mfukoni ya kumfundisha aliye dhaifu kuliko wote. Desemba mwaka huo Gantt aliusoma mpango wake mbele ya chama cha wahandisi wa mitambo cha Marekani. Wakati huo Taylor alikuwa ameshaondolewa Bethlehem, na Gantt naye hakukaa. Kuanzia 1902 alifanya kazi ya ushauri kwa jina lake mwenyewe.

Bonasi ilihitaji kumbukumbu, na kumbukumbu ndizo zilizozaa rangi. Gantt aliandaa karatasi yenye majina ya wafanyakazi na safu ya kila siku ya mwezi. Aliyepata bonasi siku hiyo aliwekewa alama nyeusi, na aliyeikosa nyekundu. Mwanzoni, kwa kuwa kazi ilikuwa ngeni, karatasi ilijaa wekundu. Mafunzo yalipokolea, weusi ulisambaa jina hadi jina, mpaka alama nyekundu zikabaki chache na kila moja ikahitaji kuelezwa. Alichapisha chati hizo katika kitabu chake cha 1910 kuhusu kazi, mishahara na faida, zikiwa na rangi zake, jambo lililowagharimu wachapishaji wa enzi hiyo.

Wekundu wa Gantt ulielekezwa kwa nani? Msimamizi wa kawaida angesema ulimwelekea mfanyakazi mzembe. Gantt alisisitiza kwamba kabla ya kumlaumu mtu, iulizwe kama alipewa malighafi kwa wakati, kama mashine yake ilikuwa nzima, na kama kuna aliyemfundisha. Katika viwanda vya nguo na vya treni alivyovishauri, mara nyingi jibu lilipanda ngazi hadi afisini. Si ajabu kwamba baadhi ya wenye viwanda walimwona mtu wa kuwaletea fedheha. Wafanyakazi nao hawakumpenda wote, maana saa na karatasi vilibaki mkononi mwa tajiri, na bonasi iliyotolewa kwa hiari ingeweza pia kuondolewa kwa hiari.

Inafaa kukumbuka kilichokuwa kikitendeka Kilifi wakati wahandisi wa Marekani wakijadili bonasi. Watumwa walipoachiliwa, mashamba ya Malindi yalikosa watu, na makampuni ya Wazungu yaliyotaka kulima mpira na pamba yalitaka vibarua. Serikali ya kikoloni iliwageukia Wagiriama. Hapakuwa na bonasi wala mafunzo; kulikuwa na kodi, machifu na amri ya kutoa vijana. Mekatilili wa Menza alizunguka akiwalisha watu kiapo cha kukataa, akakamatwa mwaka wa 1913, na Agosti 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Dunia hizo mbili zilikuwa na swali moja, namna ya kumfanya mtu amalize ngwe ya mwingine, na zililijibu kwa njia zilizopishana kama mbingu na ardhi.

Mwaka wa 1915 Gantt aliwasilisha hoja ambayo hadi sasa huwasumbua wahasibu. Kiwanda chenye mashine 10 kinachotumia 5 tu, alisema, hakina haki ya kumbebesha mnunuzi gharama ya zile 5 zilizolala. Gharama ya mashine isiyofanya kazi ni hasara ya mwenye kiwanda, naye aeleze kwa nini imelala. Kutokana na hoja hiyo alichora chati za mashine, ambapo mstari ulionyesha saa zilizofanya kazi na pengo lilionyesha saa zilizopotea, huku herufi pembeni ikitaja sababu: matengenezo, ukosefu wa mfanyakazi, ukosefu wa vifaa, ukosefu wa oda.

Marekani ilipoingia katika Vita vya Kwanza vya Dunia mwaka wa 1917, Gantt aliacha shughuli zake na kuitumikia serikali katika idara ya silaha, na baadaye katika mamlaka za meli. Hapo ndipo chati yake ilipokomaa. Majenerali walikuwa wakiletewa majedwali marefu ya tarakimu: bunduki kadhaa zimetengenezwa, risasi kadhaa zimewasilishwa. Tarakimu hizo hazikusema kama kazi iko mbele au nyuma. Gantt aligawa karatasi kwa miezi, kila nafasi ikibeba kiasi kilichoahidiwa kwa mwezi huo, kisha akachora mstari mwembamba wa kilichotimizwa mwezi huo na mstari mnene wa jumla tangu mwanzo. Aliyeishika karatasi alitazama tu mstari mnene umefika wapi ukilinganishwa na tarehe ya leo. Ukiwa haujaifikia tarehe, mkataba umechelewa, na urefu wa pengo ni muda wa kuchelewa.

Chati hiyo haikuwa sawa kabisa na ile inayotumika leo. Haikuonyesha kazi ipi inasubiri ipi. Wala Gantt hakuwa wa kwanza kuchora muda kwa mistari: Joseph Priestley wa Uingereza alichora maisha ya watu mashuhuri kwa njia hiyo mwaka wa 1765, na mhandisi wa Poland, Karol Adamiecki, alikuwa ameshabuni ratiba ya michoro mwishoni mwa karne ya 19, ila aliandika kwa lugha ambazo wasomaji wa Kiingereza hawakuzijua. Kilichokuwa cha Gantt hasa ni kulinganisha ahadi na kitendo kwenye nafasi moja, mbele ya macho ya wakubwa.

Katika miaka yake ya mwisho aligeuka mtu wa siasa, kwa kiasi kilichowashangaza wenzake. Mwaka wa 1916 aliongoza kikundi kidogo kilichotaka viwanda viongozwe na wahandisi badala ya mabwenyenye na wanasiasa. Kikundi hicho kilisambaratika upesi, na haikosi ni heri, kwani kumkabidhi mhandisi nchi si jambo la kukimbiliwa. Hata hivyo, hoja iliyokuwa chini ya mpango huo, kwamba biashara isiyoihudumia jamii haina haki ya kudumu, aliieleza kwa makini katika kitabu chake cha mwisho, kilichotoka mwaka wa 1919. Novemba 23 mwaka huo huo alifariki baada ya kuugua ghafla, akiwa na umri wa miaka 58.

Msaidizi wake, Wallace Clark, alichapisha mwaka wa 1922 kitabu kuhusu chati hiyo ambacho kilitafsiriwa kwa lugha nyingi, na ni kitabu hicho kilicholifanya jina la Gantt kuwa jina la mchoro. Mshirika mwingine, Walter Polakov, aliipeleka katika Muungano wa Kisovieti wakati wa mpango wa kwanza wa miaka mitano. Mwaka wa 1929 chama cha wahandisi wa mitambo kilianzisha nishani kwa jina lake, ya kwanza ikatolewa kwa marehemu mwenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wahesabu wa kampuni ya DuPont na wa jeshi la majini la Marekani walibuni namna ya kukokotoa mlolongo wa kazi ambazo, moja ikichelewa siku moja, mradi wote huchelewa siku hiyo. Tarakilishi zilipoenea, pau za Gantt na mlolongo huo viliunganishwa.

Pwani ya Malindi ilishuhudia mapema kazi ya aina hiyo. Kutoka majukwaa ya Waitaliano yaliyosimama baharini mbele ya Ngomeni, chini ya Profesa Luigi Broglio, setilaiti ya San Marco 2 ilirushwa Aprili 1967, na Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, ikarushwa ile ya Marekani iliyopewa jina Uhuru, ya kwanza kutumwa mahususi kuchunguza miale ya eksirei angani. Roketi ililetwa kutoka Marekani na wataalamu kutoka mabara mawili, na kila kitu kilipaswa kukutana baharini siku moja.

Programu ya Microsoft Project, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka wa 1984, ndiyo iliyozipa pau hizo rangi za kila aina. Humo kila upau huwa wa buluu mpaka mtumiaji aamue vinginevyo, na anaweza kuamua kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuubofya upau mmoja mara mbili na kuuchagulia rangi. Ya pili ni kufungua orodha ya mitindo ya pau na kuiamuru programu ipake rangi kwa kanuni: kila kazi iliyo kwenye mlolongo usiovumilia kuchelewa iwe nyekundu, au kila kazi iliyowekewa bendera fulani, tuseme bendera ya idara ya maji, iwe ya kijani. Tofauti ya njia hizo si ndogo. Rangi iliyopakwa kwa kanuni hubadilika yenyewe tarehe zinapobadilika. Iliyopakwa kwa mkono hubaki vilevile hata kazi ikisimama mwaka mzima. Ndiyo sababu mkaguzi mwenye busara huuliza kwanza rangi imetoka wapi, kabla ya kuuliza ni rangi gani. Huuliza pia kama ratiba ya awali ilihifadhiwa kwenye programu, kwa kuwa bila upau wa kijivu wa ahadi ya kwanza, mwanakandarasi anaweza kusogeza tarehe kila mwezi na chati ikaendelea kupendeza.

Wakazi wa Kilifi wana sababu ya kuuliza hivyo. Mradi wa unyunyizaji wa Galana Kulalu, unaotandaa katika kaunti za Kilifi na Tana River, ulizinduliwa mwaka wa 2014 kwa matumaini ya kulima ekari milioni moja, ukianza na shamba la mfano la ekari 10,000. Mwaka wa 2019 mwanakandarasi aliondoka kabla hata ya shamba hilo la mfano kukamilika.

Kuna na kikwazo ambacho Gantt mwenyewe hakukutana nacho. Chati iliyochapwa kwa rangi makao makuu hufika Ganze au Magarini ikiwa nakala ya fotokopi, na katika fotokopi wekundu na weusi hutoka karibu sawa, hivyo kazi iliyokwama na iliyofaulu huonekana ndugu. Wapo pia wanaume wasioweza kutofautisha nyekundu na kijani tangu kuzaliwa. Orodha ile ile ya mitindo ya pau ina dawa: badala ya rangi pekee, upau uliochelewa hujazwa michirizi ya mshazari, na pembeni mwake huandikwa sababu ya kuchelewa, kama Gantt alivyokuwa akiandika herufi zake kando ya mashine zilizolala.